Wasiopikika chungu kimoja: namna ya kuandika wahusika wa komedi ya televisheni

Muulize mtazamaji wa Busia au Arua kwa nini hakosi komedi fulani ya kila wiki. Hatakusimulia kisa. Atakutajia watu wawili: "Yule mama na yule mpangaji wake, wakikutana tu, mimi basi!" Kisa cha wiki iliyopita ameshakisahau, na mizaha yenyewe hawezi kuirudia sawasawa, lakini wale wawili anawajua kama majirani zake. Kwenye seti tunaita jambo hilo kemistri. Wazee wangesema damu zao zimepatana.

Wengi huamini kwamba hiyo ni bahati ya waigizaji, ama ipo ama haipo. Mimi siamini hivyo. Bahati ina nafasi yake, nitaifikia, lakini sehemu kubwa huandikwa mezani kabla mwigizaji yeyote hajapigiwa simu. Nimekaa na vikundi vya vijana wanaoandika komedi za Kiswahili hapa Uganda, na karibu kila kikundi huanza kwa kukusanya vichekesho, kisha ndipo kitafute watu wa kuvisema. Geuza mpango huo. Kiswahili chenyewe kimeshatupa kanuni: watu wasioelewana tunasema hawapikiki chungu kimoja. Watafute hao hasa, watie chungu kimoja, kisha funika.

Hatua ya 1: Tengeneza chungu

Kabla ya kuuliza wahusika wako ni akina nani, uliza kwa nini hawaondoki. Watu wakigombana kweli, mmoja hufungasha virago. Usipompa sababu ya kubaki, mtazamaji atajua kwamba ni wewe uliyemshika shati.

Komedi ya Marekani iitwayo Cheers, iliyoanza mwaka 1982, inafaa kuchunguzwa kwa hili. Diane, msomi mpenda vitabu, anaachwa na mchumba wake ndani ya baa moja mjini Boston. Hana kazi, hana pa kwenda. Sam, mwenye baa, aliwahi kuwa mchezaji wa besiboli, na ni mlevi aliyeacha pombe. Anampa Diane kazi ya kuhudumia wateja. Tazama jinsi kamba zilivyofungwa: Diane anajiona mkubwa kuliko mahali pale, na mahali pale ndipo pekee palipompokea. Sam naye anauza kila siku kitu ambacho hapaswi kukionja. Hawajarushiana neno bado, na tayari chungu kinatokota.

Jirani zetu wa Kenya waliijenga Papa Shirandula ya Citizen TV juu ya uongo mmoja: mlinzi aliyemfanya mkewe aamini kwamba ana kazi ya ofisini. Uongo ni chungu kizuri sana, kwa sababu aliyeuanza hawezi kutoka bila kujiaibisha.

Hapa kwetu vyungu vimejaa. Chumba kimoja cha kupanga Kampala huitwa muzigo, na msemaji wa Kiswahili akilisikia neno hilo anauhisi uzito wake. Kwa desturi ya Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani wala hawakai karibu. Wakivunja mwiko huo inaaminika hupatwa na obuko, maradhi ya kutetemeka. Sasa mlete mama mkwe kutoka kijijini kwa matibabu ya hospitali ya Mulago, umlaze ndani ya muzigo wa mkwewe, pazia moja katikati. Mkwe hawezi kumfukuza, mkewe hatakubali. Mama hawezi kuondoka, miadi yake na daktari ni baada ya wiki tatu. Wanaongea kupitia mtoto wa miaka sita, ambaye anafikisha ujumbe kwa namna anavyoelewa yeye. Huhitaji kubuni kichekesho hata kimoja. Jiulize tu: chumvi itaombwaje? Nani atatoka kwanza kwenda kuoga?

Kabla ya kuendelea, kamilisha sentensi hii kwa kila mhusika: "Fulani haondoki kwa sababu…" Deni, damu, mwiko, siri, kazi, paa la nyumba: hizo zinashika. Ukijikuta umeandika "kwa sababu ni marafiki", rudi nyuma. Urafiki haushiki mpaka mtazamaji naye awe rafiki yao, na hilo huchukua vipindi vingi.

Hatua ya 2: Tafuta asichokiona

Nyani haoni kundule. Sijui somo fupi kuliko hilo juu ya uandishi wa komedi. Kila mhusika anahitaji mambo matatu: anachokitaka, anachokiogopa, na kile ambacho watu wote wanakiona kwake isipokuwa yeye mwenyewe. Mawili ya kwanza yanatosha kwa tamthilia ya kilio. La tatu ndilo linalochekesha.

Nichukue mfano tulioufanyia kazi wenyewe: hoteli ndogo ya chakula Malaba, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori. Kuna watu wanne.

Nalongo ndiye mwenye hoteli, ametoka Masaka. Anajihesabu kuwa mfanyabiashara mkali asiyechezewa. Kila mtu mpakani anajua kwamba hawezi kumwona mtu mwenye njaa akamwacha apite. Daftari lake la madeni limeshonwa upya mara mbili.

Afande ni mstaafu wa jeshi, sasa mlinzi wa usiku wa hoteli hiyo. Anataka utaratibu na heshima. Anaamini anaogopwa. Hata kuku wa jirani hawamwogopi.

Mwalimu anafundisha Kiswahili shule ya msingi iliyo karibu. Anasahihisha kila anayefungua mdomo. Anajiona mtu maskini mwenye heshima zake, asiyeomba mtu kitu. Anakula bure mwaka wa pili sasa, na anaita "kuonja".

Papaa ni fundi cherehani kutoka Bunia, Kongo. Havai ovyo, shati lake limepigwa pasi hata siku ya mvua. Atakwambia yeye ni mpita njia, wiki ijayo anarudi kwao. Ana miaka saba Malaba.

Ona kwamba hakuna hata mmoja ambaye kasoro yake ni ujinga au ubaya tu. Ya Nalongo ni huruma iliyovaa ukali. Ya Papaa ni jeraha: hawezi kukubali kwamba ameshahama, kwa sababu akikubali, Bunia itakuwa imekwisha. Tunacheka anapokataa kununua kitanda "kwa sababu ya siku chache hizi", na wakati huohuo koo linabana. Ukipata mahali kama hapo, kaa hapo. Usikimbilie mzaha unaofuata. Mtu anayechekwa bila kupendwa atamchosha mtazamaji kabla mwezi haujaisha, na ni mwandishi anayepaswa kumpenda kwanza.

Na kasoro hiyo isipone. Katika tamthilia nyingine mtu hubadilika, katika komedi ya mfululizo hurudi alikotoka. Nalongo akijifunza kukataa mikopo katika kipindi cha tatu, umefunga hoteli. Mpe ushindi mdogo, mpe hata dakika moja ya kujiona kwenye kioo, kisha wiki ijayo daftari lifunguliwe upya. Waandishi wa Seinfeld, komedi nyingine ya Marekani, walikuwa na kanuni yao: hakuna kukumbatiana, hakuna kujifunza. Mimi siendi mbali kiasi hicho. Watazamaji wa kwetu wanapenda kuona watu wakisameheana, na mimi pia napenda. Ila msamaha hauondoi tabia, na kila mwenye ndugu analijua hilo.

Hatua ya 3: Hesabu jozi, si watu

Wahusika 4 wanakupa jozi 6. Ukiongeza wa 5, jozi zinakuwa 10. Wa 6 anazifikisha 15. Ndiyo maana kuongeza mhusika si jambo dogo: hujaongeza mtu mmoja, umeongeza uhusiano na kila aliyekuwepo, na kila uhusiano unadai kuandikwa.

Chora jedwali. Kwa kila jozi andika nani ana nguvu juu ya mwenzake na kwa jambo gani. Kisha andika kitu ambacho mmoja anacho na mwingine anakitamani. Sehemu hii ya pili huachwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha ugomvi mtamu na kelele. Afande anautamani usomi wa Mwalimu, Mwalimu anautamani ujasiri wa Afande. Watabishana kipindi kizima juu ya neno moja kwenye kibao cha mlangoni, na hakuna hata mmoja atakayesema wanabishania nini hasa.

Nguvu nayo ihame. Nalongo anamtawala Mwalimu kwa sababu ya deni, mpaka inapofika barua ya mwenye kiwanja iliyojaa maneno ya kisheria, na msomaji pekee wa kuaminika ni mdeni wake. Mwalimu anaagiza chai kabla hajafungua bahasha.

Halafu fanya jaribio la kikomando. Sahani moja, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, watu wawili wenye njaa. Hakuna kisa, hakuna mgeni anayeingia. Andika ukurasa mmoja kwa kila jozi. Hivi ndivyo yetu moja ilivyoanza:

MWALIMU: Vipande ni kumi na vitatu. Kumi na tatu haigawanyiki kwa mbili.
AFANDE: Sita wewe, sita mimi. Kimoja cha mlinzi.
MWALIMU: Mlinzi si ni wewe?
AFANDE: Ndiyo.
MWALIMU: Analinda nini?
AFANDE: Vile kumi na viwili.

Mkabidhi Papaa sahani hiyohiyo mbele ya Nalongo. Papaa hali, anaogopa mchuzi usimharibie shati. Nalongo anamfunga aproni yake shingoni huku akimsomea deni lake kwa sauti, na Papaa anakula ameinua kidevu kama bwana harusi. Hakuna aliyegawana chochote. Kurasa za jozi mbili tofauti zikifanana, jua una mhusika mmoja mwenye majina mawili. Mfute mmoja, hata kama unampenda.

Jozi nyingine zitakataa kuwaka. Usizipulize. Zijue tu, na usiziache peke yake mbele ya kamera.

Hatua ya 4: Kila mtu na mlango wake wa Kiswahili

Kiswahili kimo katika Katiba ya Uganda kama lugha ya pili rasmi tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini watu wetu hawakukipata katika Katiba. Mmoja alikipata kambini, mwingine sokoni, mwingine msikitini, mwingine kwenye lori, mwingine alivuka nacho kutoka Kongo. Kwa mwandishi wa komedi hii ni neema ambayo sioni ikitumiwa ipasavyo. Tunawaandika wahusika wote kama wasoma habari.

Kiswahili cha Afande ni kifupi, kimejaa amri, hata anapoomba sukari. Mwalimu anamaliza kila sentensi aliyoianza. Papaa anasema "batu banakuya" badala ya "watu wanakuja", na anapokasirika anaongeza mwendo mpaka hakuna anayemfuata. Nalongo anaanza kwa Kiswahili cha wateja na kumalizia na "bannange" ya Kiluganda mambo yakimzidi. Funika majina kwenye skripti yako, mpe mtu asiyeijua aisome kwa sauti. Asipotambua nani anasema baada ya ukurasa wa pili, bado hujawasikia.

Majina ya kuitana ni silaha ya kimyakimya. Siku za kawaida Nalongo anasema "Mwalimu". Deni likikumbukwa inakuwa "wewe Mwalimu". Mwalimu akishikwa na malaria inakuwa "mwanangu". Siku moja, katika kipindi cha tisa, anamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, na hoteli nzima inanyamaza. Hilo huwezi kulifanya kama tangu mwanzo kila mtu alimwita mwenzake vyovyote.

Lakini kosa la lugha lenyewe lisiwe kichekesho. Kumcheka Papaa kwa sababu anasema "batu" ni umaskini. Kinachochekesha ni Mwalimu kumsahihisha huku mdomo wake umejaa chakula asicholipia.

Na hapa niseme jambo lililonigusa. Mwanzoni tulimwandika Afande kuwa Mwacholi. Hakuna aliyeuliza kwa nini, ilionekana kawaida tu. Kwenye usomaji wa kwanza tulimpa nafasi hiyo kijana mmoja kutoka Gulu. Alisoma vizuri, akafunga karatasi, akaniuliza kwa upole: "Mbona sisi kila siku ni walinzi?" Sikuwa na jibu. Tulimpa nafasi ya Mwalimu, tukamhamishia Afande Mubende. Kuanzia hapo maandishi yalipata uhai ambao hayakuwa nao, kwa sababu hatukuweza tena kuliegemea kabila. Ilibidi tujue Afande anaogopa nini, si anatoka wapi. Ukigundua kwamba mzaha wako unakufa ukiondoa kabila la mtu, uache ufe.

Hatua ya 5: Wanaopendana

Kila kikundi kinaniuliza: waoane lini? Ninajibu kwa swali: ni nini kinachowazuia? Kikiwa ni simu iliyozimika au barua iliyopotea, kitachosha haraka. Kizuizi kitoke ndani ya mtu, katika kile asichokiona. Papaa hawezi kumposa mtu Malaba kwa sababu "anaondoka wiki ijayo". Hapo huhitaji barua yoyote ipotee.

Usifunge mlango kwa misumari pia. Komedi ya Marekani Friends ilipowaingiza katika mapenzi marafiki wawili, Monica na Chandler, kule London mwaka 1998, waandishi walikusudia jambo la muda mfupi. Watazamaji walilipokea kwa kishindo, na wakaishia kuwa mke na mume. Cheers nayo ilimpoteza Shelley Long, aliyeigiza Diane, mwaka 1987, ikaendelea hadi 1993. Haikutafuta Diane wa pili. Ilimrudisha Sam katika baa aliyoiuza mwenyewe, sasa akiwa mwajiriwa chini ya mwanamke aitwaye Rebecca. Ilikuwa jozi nyingine yenye nguvu zilizogawanywa kwa njia nyingine. Mwigizaji wako akipata kazi Nairobi, kumbuka hilo: jaza nafasi kwa uhusiano mpya, usitafute pacha wa aliyeondoka.

Ndoa haiui komedi. Wawili waliooana hawawezi kutoka chunguni, na mama mkwe bado yuko nyuma ya pazia.

Hatua ya 6: Panga kipindi

Hapa nitapita haraka. Nafasi ya nusu saa, ukitoa matangazo, huacha dakika zipatazo 22. Zinatosha kwa hadithi kuu moja na ndogo moja. Kila hadithi ianze na mtu kutaka kitu kidogo, na ikorogwe na kasoro yake mwenyewe, si na ajali. Shika jedwali lako la jozi, uweke alama kila jozi inapotumika. Jozi ambayo haijaonekana pamoja kwa vipindi vitatu, ipe hadithi ndogo ya wiki hii.

Hatua ya 7: Fanya usaili kwa jozi

Sasa bahati. Usimwite mwigizaji peke yake asome mbele ya meza. Utajua anavyosema, hutajua anavyosikia.

Wala usidhani lazima wapendane. Katika I Love Lucy, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1951 hadi 1957, Lucille Ball na Desi Arnaz walikuwa mke na mume kweli. Lakini Vivian Vance na William Frawley, walioigiza majirani zao waliooana, hawakupendana hata kidogo nje ya kamera, na bado ukiwatazama unaapa wamelala kitanda kimoja miaka ishirini. Fawlty Towers ya Uingereza ina vipindi 12 tu, vya mwaka 1975 na 1979. John Cleese na Connie Booth waliiandika na kuiigiza pamoja, na kati ya misimu hiyo miwili walitalikiana. Msimu wa pili haukupoa. Kinachoonekana kwenye skrini ni kusikilizana, na hilo maadui hodari wanaliweza.

Kwa hiyo waite wawili wawili. Kabla ya skripti, wape kisu kimoja na matoke ya kumenya kwa nusu saa. Usiwaambie waigize. Tazama nani anashika kisu, nani anatoa maelekezo ambayo hakuombwa, nani ananyamaza kwa namna inayosema. Kisha wape ukurasa wa kikomando. Baada ya hapo badilisha jozi, ukurasa uleule.

Rekodi kwa simu. Jioni tazama bila sauti, macho yako yakiwa kwa yule asiyesema. Anayesubiri zamu yake utamjua, macho yake yametangulia kwenye mstari wake. Anayesikia, uso wake unabadilika kabla mwenzake hajamaliza. Mchague huyo, hata kama sauti yake si nzuri kuliko zote. Kisha sikiliza bila picha, uone kama bado unaamini kwamba wanajuana.

Ukishawapata, andika upya. Skripti uliyoileta kwenye usaili iliandikwa kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Katika usomaji wetu wa tatu, mama aliyekuwa Nalongo alifika kwenye mstari "Toka, leo sikupi kitu." Aliusema kwa ukali wote ulioandikwa, na mkono wake, bila yeye kuutazama, ukaisukuma sahani upande wa Mwalimu. Yule kijana wa Gulu hakusema mstari wake uliofuata. Alivuta kiti akakaa. Chini ya hapo kulikuwa na mistari minne ya kueleza kwamba Nalongo ana roho nzuri. Tuliikata yote minne palepale mezani.